Aliyefunga Mizigo

Meja Ndiwa alipoteremka kwenye pikapu yake pale nyumbani kwetu, nje kidogo ya Kimilili, hakuwa amesikia kwamba baba yangu hawezi tena kuzungumza. Alikuwa na bahasha kubwa ya kaki kwapani, na alianza kuita kutoka getini.

"Sajini Wekoye! Toka nje ukaguliwe!"

Baba alikuwa ameketi barazani, blanketi magotini. Alimtambua papo hapo. Akataka kusimama, mguu wa kulia ukagoma. Basi akainua mkono wa kushoto hadi kwenye kipaji, akapiga saluti kwa mkono usio wa saluti, na kusema, "Bado. Bado, bado."

Meja alisimama katikati ya uwanja. Akanitazama mimi.

"Ni kiharusi, Afande," nikamwambia. "Mwezi wa tatu mwaka jana. Sisi anatusikia, lakini neno lililobaki mdomoni ni hilo moja."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Akavua kofia na kuketi kando ya Baba bila kukaribishwa. Walikaa wameshikana mikono kwa muda mrefu, wazee wawili waliokuwa hawajaonana tangu mazishi ya mama yangu, mmoja akisema "bado" na mwingine akijibu, "Ndiyo, Sajini. Ndiyo."

Baba yangu, Kizito Wekoye, alitumikia skwadroni ya ndege za mizigo kwa miaka ishirini na mbili. Hakuwa rubani. Alikuwa mpakiaji, yule mtu anayeamua gunia hili likae wapi na pipa lile likae wapi ndani ya tumbo la ndege, akavifunga vyote kwa mikanda na minyororo ili visihame kule angani. Ndege zenyewe wao waliziita Nyati. Alipostaafu alifanya kazi kwenye ghala la tumbaku kule Malakisi, akipanga marobota kwenye malori, na madereva walikuwa wakilalamika kwamba mzee anapakia lori kana kwamba litapaa.

Kabla ya kiharusi alikuwa msimulizi ambaye hukuweza kumnyamazisha. Tulizijua safari zake zote. Ngamia aliyezaa angani. Masanduku ya kura yaliyoshushwa kwenye uwanja uliojaa mbuzi. Bibi harusi wa afisa mmoja aliyesafirishwa juu ya magunia ya unga, gauni lake likawa jeupe kuliko lilivyoshonwa. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, na nakiri kwamba nilizisikia hadithi hizo mara nyingi hadi nikaacha kuzisikiliza. Nilikuwa nikisahihisha madaftari huku nikiitikia "ee, Baba". Sikuandika hata moja.

Sasa Meja Ndiwa, aliyewahi kuwa rubani wa skwadroni hiyo na sasa analima mahindi nje ya Kitale, alikuwa ameandika historia yake yote. Kurasa tisini na nne. Wastaafu walikuwa wakutane Bungoma mwezi wa nane, na kila mmoja apewe nakala.

"Nilitaka Sajini aisome kwanza," alisema, akiigeuza bahasha mikononi. "Wapakiaji wa wakati ule wote wameenda. Yeye ndiye amebaki. Mambo ya huku nyuma ya ndege sisi marubani hatukuyaona."

"Niachie," nikasema. "Nitamsomea."

Nikawa namsomea kila jioni nikitoka shule, kurasa tano au sita. Zilikuwa siku nzuri, labda nzuri zaidi tangu augue. Alicheka pale penye ngamia. Penye picha ya kikosi, aliweka kidole juu ya uso mmoja baada ya mwingine, na kwa kila uso akasema neno lake lile kwa sauti tofauti, na mimi nikajua huyu alikuwa mcheshi, huyu alikuwa mkali, huyu alikufa.

Ukurasa wa sitini na moja ulikuwa juu ya mwaka wa themanini na nne, mwaka wa njaa. Nyati zilikuwa zikipeleka mahindi kaskazini kila siku. Asubuhi moja, ndege iliyobeba mahindi na mapipa ya mafuta ilianguka dakika chache baada ya kuruka. Watu tisa walikufa. Meja alikuwa ameandika hivi, na nilisoma kwa sauti kama nilivyosoma mengine: "Uchunguzi ulionyesha kwamba mapipa yalihama kuelekea mkiani kwa kuwa hayakufungwa ipasavyo. Mpakiaji alikuwa Koplo Gathii, ambaye pia alipoteza maisha."

Baba alininyang'anya karatasi.

Sikujua kwamba mkono ule wa kushoto ulikuwa na nguvu hizo. Aliipiga karatasi juu ya goti, akaipiga tena, akaniangalia machoni. "Bado! Bado, bado, bado!" Jasho lilimtoka. Machozi yakaanza kumtiririka na hakuyafuta, kwa sababu mkono aliokuwa nao ulikuwa umeshika karatasi.

"Ni nini, Baba? Kuna kosa?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Mapipa hayakuhama?"

Akakubali.

"Au yalihama?"

Akakubali vilevile, kwa uso uleule wa kunisihi.

Daktari alikuwa ameniambia hili. Alisema kiharusi cha upande huo kinaweza kuvuruga hata ndiyo na hapana, mtu akatikisa kichwa bila kujua kichwa kimesema nini. Nilikuwa nimeelewa maelezo hayo jinsi unavyoelewa habari za nchi ya mbali.

Kwa wiki mbili nilijaribu kila kitu. Nilimwekea kadi za herufi ninazotumia darasani. Alizisogeza huku na huku mezani, zikatoka K, K, A, na nafasi tupu. Nilimpa kalamu, mkono wa kushoto ukachora mstari mmoja uliopanda na kushuka. Mwisho nilichukua boksi la viatu liwe ndege, na viberiti viwe mapipa, nikamwekea na uzi. Hapo alitulia. Alivipanga viberiti sita kwa uangalifu, viwili viwili, akapitisha uzi na kuubana kwa meno, kazi safi ambayo mimi mwenye mikono miwili nisingeiweza. Akaitazama. Kisha akavitoa vyote akavipanga upya, vilevile kabisa. Akavitoa tena.

"Unanionyesha kwamba yalifungwa vizuri? Au unanionyesha vile yangepaswa kufungwa?"

Alitikisa kichwa kukubali. Nikaenda jikoni, nikafungua bomba la maji ili asisikie nikilia.

Jumamosi nilikwenda Kitale. Meja alinipokea kwenye duka la Rajesh, mchapishaji, ambako kurasa za kwanza zilikuwa zimeshaanza kupangwa. Tuliketi kwenye kibaraza cha duka, mashine ikinguruma nyuma yetu. Nikamweleza yote, hadi viberiti.

Meja hakuniharakisha. "Nimeandika kile ripoti ilisema," alisema. "Lakini kuna kitu sikuandika kwa sababu sikuona maana yake. Niliiona orodha ya ile asubuhi. Jina la mpakiaji lilikuwa limekatwa kwa kalamu, likaandikwa Gathii juu yake. Jina lililokatwa ni la baba yako."

"Kwa nini alikatwa?"

"Aliomba ruhusa ghafla. Mtoto wake alikuwa amelazwa. Surua, nadhani."

"Mtoto yupi?"

Meja alinitazama kwa upole. "Mwaka huo, Mwalimu, Sajini alikuwa na mtoto mmoja."

Mama aliwahi kuniambia kwamba niliugua surua nusura nife. Hakuniambia ilikuwa siku gani. Baba, aliyesimulia kila kitu, hakuwahi kuisimulia siku hiyo, na katika miaka yangu arobaini na minne sikuwahi kugundua kwamba hiyo ndiyo siku iliyokosekana.

"Kwa hivyo ni yeye aliyefunga mizigo," nikasema. "Gathii aliingia tu mwishoni."

"Huenda. Mizigo ilianza kufungwa alfajiri. Lakini mpakiaji akibadilishwa, yule anayeingia hukagua upya kabla ya mlango kufungwa. Ndiyo sheria. Kama Gathii alikagua, basi iko juu yake. Kama aliambiwa twende, twende, hakuna wakati..." Akainua mikono. "Wote waliokuwa ndani walikufa. Aliyekuwa nje ni mmoja tu. Niletee neno kutoka kwake, Mwalimu. Neno moja tu, na nitabadilisha ukurasa hata kama Rajesh atanifukuza hapa."

"Afande, unajua neno alilo nalo."

"Najua," akasema, na akaangalia chini.

Mjane wa Gathii anaishi Tuwan, pale Kitale. Meja ndiye aliyenielekeza. Anaitwa Rahab, alikuja huko na mtoto mgongoni baada ya msiba, kwa dada yake, kwa sababu kule kambini, wake wa wale wengine waliokufa walikuwa wameacha kumwamkia. Nilimpigia simu, nikamweleza mimi ni nani.

"Mlete," akasema. "Mlete nimuone."

Nilikodi gari, jirani akanisaidia kumwingiza Baba. Sikumwambia tunakwenda kwa nani hadi tulipofika Tuwan. Nilipolitaja jina, alifumba macho.

Rahab ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye umri wa karibu miaka sabini. Bintiye Ciru alitupokea mlangoni na kutusaidia kumkalisha Baba kwenye kochi. Chai ikamiminwa. Hakuna aliyeigusa.

"Siku hiyo walikuja kumchukua nyumbani saa nne kasoro," Rahab alianza, bila salamu nyingi. Alikuwa akizungumza na mimi, lakini macho yalikuwa kwa Baba. "Alikuwa off. Alikuwa ananyoa ndevu. Chai yenyewe hakumaliza. Saa nne na nusu ndege ikaruka. Sasa niambie wewe ni mwalimu, hiyo nusu saa mtu anaweza kupakia ndege nzima?"

"Hawezi, Mama."

"Niliwaambia hivyo. Walikuja watu wawili wa uchunguzi, wakakaa hapo mbele yangu, nikawaambia. Hakuna mtu aliandika. Ati huyu ni bibi ya marehemu, atasema nini ingine?" Akamgeukia Baba sasa. "Wekoye. Ni wewe ulifunga hiyo mizigo?"

Baba alitikisa kichwa kukubali.

Ciru aliweka mkono mdomoni. Mimi nilijua kinachokuja, na sikuweza kukizuia wala kukiacha.

"Mama Ciru," nikasema, "muulize kinyume chake. Tafadhali."

"Kinyume gani?"

"Muulize kama ni Gathii."

Rahab aliuliza kwa sauti ya chini. "Ni Gathii alifunga?"

Baba alikubali. Kwa macho yaleyale. Kisha akaanza kulia kwa sauti, kilio cha mtu mzima ambacho hakuna mtoto anayepaswa kukisikia, na katikati ya kilio lile neno lake, mara kumi, mara ishirini.

Nilieleza kuhusu ugonjwa. Nilieleza vibaya, nikijikwaa, kama mtu anayemtetea mshtakiwa bila kujua kama ana hatia. Rahab alinisikiliza hadi mwisho.

"Sawa," akasema. "Ugonjwa nimeelewa. Huo ni wa mwaka jana." Akamwinamia Baba, karibu sana, bila kupandisha sauti. "Lakini miaka hiyo ingine yote ulikuwa na mdomo, Wekoye. Miaka thelathini na tisa. Ulikuwa unajua Tuwan ni wapi."

Nilimfuta Baba machozi. Alikuwa na la kumjibu au hakuwa nalo, sitajua. Kama alifunga vibaya, alinyamaza kwa woga. Kama alifunga vizuri, basi alinyamaza kwa nini? Labda alidhani kujitokeza ni kusema kwamba alipaswa kufa yeye. Nimelifikiria hili mara nyingi, na kila jawabu ninalolipata ni langu, si lake.

Nikarudi kwa Meja. Alisikiliza habari ya saa nne kasoro, akaiandika kwenye daftari lake na kuweka tarehe. Alikuwa mtu wa haki, na nilimwona akihangaika.

"Siwezi kuandika ni Sajini," alisema. "Mtu hawezi kujitetea. Na siwezi kuandika kwamba Gathii hana makosa, kwa sababu sijui. Nitalitoa jina. Nitaandika 'mpakiaji' tu."

Nilimpigia Rahab nikamweleza. Nilidhani nampelekea kitu.

"Kutoa jina?" akasema. "Si ukurasa unaofuata kuna majina ya waliokufa na kazi zao? Mpakiaji hapo ni nani?"

Alikuwa amesema kweli. Nilimwambia Meja, na Meja akamwita Rajesh, na Rajesh, mtu mpole mwenye wino kwenye kucha, akatuonyesha kwamba karatasi hizo za katikati zilikuwa zimekwisha kuchapwa na kukunjwa. Angeweza kuchapa upya ukurasa mmoja na kuubandika; huo wa jina. Orodha ya waliokufa ingebaki. Na hata Meja hakutaka kuigusa hiyo orodha, kwa kuwa kumwondolea marehemu kazi yake nako ni kumkosea. Tulisimama watu watatu tukiinamia meza ya Rajesh, tukiangalia kurasa mbili, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na nia mbaya. Ukurasa wa jina ukabandikwa, orodha ikabaki.

Mkutano ulifanyika Bungoma, Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, kwenye ukumbi wa hoteli moja. Walikuja wastaafu thelathini na kitu, wengine kwa fimbo, wengine na wajukuu. Nilimvalisha Baba koti lenye medali. Meja alisoma sehemu ya historia: kikosi kilipoanza na ndege tatu, mafuriko, njaa, wagonjwa waliotolewa mpakani, siku Nyati ya mwisho ilipozimwa injini. Kisha akamwita mbele Sajini Kizito Wekoye, mpakiaji wa mwisho aliye hai wa wakati ule.

Nikamsukuma Baba kwenye kiti cha magurudumu. Alikabidhiwa kitabu, kikiwa kimefungwa utepe wa buluu. Mtu akamwekea maikrofoni mdomoni, kwa mapenzi tu, bila kujua.

"Bado," akasema Baba. Ukumbi ukatulia. "Bado, bado!"

Wakashangilia. Walidhani anawaambia kwamba yeye bado yupo, bado ni askari. Walisimama wote, wakapiga makofi na meza, mzee mmoja akapiga mluzi. "Bado kabisa, Sajini! Bado bana!" Baba alizidisha sauti, uso umemwiva, akinyoosha kidole kwenye kitabu, na kadiri alivyopaza ndivyo walivyoshangilia. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mikono kwenye vishikio vya kiti. Nilimtazama Meja. Yeye peke yake hakupiga makofi. Nikakigeuza kiti nikamtoa nje, na hata hapo walidhani mzee amelemewa na furaha.

Rahab hakuja Bungoma. Sikutegemea aje. Lakini Jumapili moja ya mwezi wa kumi, alasiri, nilisikia hodi, na alikuwa yeye, peke yake, amevaa viatu vya kanisani vilivyojaa tope la njia yetu. Nilimkaribisha ndani akakataa. Alikwenda moja kwa moja barazani, akavuta kiti akaketi mbele ya Baba.

"Sikuja kwa maneno ya mapipa," akamwambia. "Hayo nimechoka nayo. Nataka unisaidie na kitu ingine."

Baba alikuwa amekauka kwa hofu.

"Wewe ndiye uliongea na yeye mwisho. Si mlipishana pale kwa ndege? Mimi asubuhi hiyo nilikuwa nimemkasirikia. Ni kitu ya bure, ati alisahau kununua mafuta ya taa. Alitoka sijamuaga. Nataka tu kujua, alikuwa na hasira na mimi? Alisema kitu? Ama alikuwa anacheka tu, vile alikuwa anachekanga?"

Baba alimtazama. Polepole uso wake ukalegea, na akaanza. Ilikuwa hadithi, niliijua kwa mwendo wake. Nimelelewa na mwendo huo. Palikuwa na mtu anayekuja mbio, palikuwa na mzaha, palikuwa na mkono uliowekwa begani. Aliisimulia yote kwa lile neno moja, kwa sauti ya juu na ya chini, akionyesha kwa mkono wa kushoto, na safari hii hakulia. Rahab alikuwa ameinama mbele, akimfuata mdomo. Mara moja Baba alicheka kidogo, naye Rahab akatabasamu kwa nusu, kisha tabasamu likaondoka kwa sababu hakujua anachekea nini.

Ilichukua muda mrefu. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa mlimani, na nilimwambia Rahab itamkuta njiani. Akasimama, akajifunga leso. Hakumpa Baba mkono, lakini alimrudishia blanketi lililokuwa limeteleza magotini.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Tulipofika kwenye lami aliniuliza, "Wewe umeelewa kitu?"

"Hapana, Mama."

"Hata mimi," akasema.

Gari la Kitale lilikuja likiwa na nafasi, akapanda. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kuanguka, nikarudi kwa haraka ili nimwingize Baba ndani. Nilimsikia tangu getini. Alikuwa angali anazungumza, akikielekea kile kiti alichokuwa amekikalia Rahab.